Leso Bubu za Rangini

Usitirini ni nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure, kwa kuwa wachora ramani wote waliowahi kuitembelea walipewa karamu, wakavishwa kofia, wakaondoka wamesahau kuchora. Mji wake mkuu umejengwa juu ya kilima kirefu: kileleni lipo Jumba la Mtukufu, lenye mabirika kumi na mawili yanayokinga mvua yote ya mapaa, chini yake imeshuka mitaa ya makarani, ya wafanyabiashara na ya mafundi, kila mmoja na kisima chake, na nyuma kabisa ya kilima, upande ambao wenye kupanga mambo hawaendi kutembea, upo mtaa wa Rangini, wanakokaa watia rangi na wachapa nguo, ambako kuta, mbuzi, na hata kuku wana madoa ya nili na manjano. Huko hakuna kisima. Mto upo, lakini upo ng'ambo ya vilima vitatu, na kila anayeujua huanza kuhema kwa kuutaja tu.

Aliyetawala siku hizo ni Mtukufu Mnyoofu wa Saba. Tusimsingizie, hakuwa mtu wa kuchinja watu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kuona mkunjo. Shuka yenye mkunjo ilimtia kizunguzungu, barabara yenye kona ilimchafua tumbo, na ofisa aliyekunja uso mbele yake alipelekwa likizo mpaka uso unyooke. Kwa hiyo waliomzunguka walijifunza kumletea habari zilizokwisha kunyooshwa. Ndiyo maana aliishi kwa amani katika nchi yenye daraja lililofika katikati ya mto likaghairi, zahanati iliyosahauliwa mlango hata wagonjwa wakawa wanapitishwa dirishani, na mnara wa saa wenye nyuso nne, kila uso na saa yake, ili kila raia ajichagulie inayomfaa. Watu walicheka, wakapanda dirishani, wakatibiwa.

Lakini hata Usitirini kulikuwa na jambo moja ambalo wakubwa hawakuthubutu kulikanyaga waziwazi, nalo ni Sheria ya Leso. Iliwekwa zamani na malkia mmoja mkali, aliyechoshwa na kuona kazi za Dola zikigawiwa sebuleni kati ya kikombe cha kwanza cha kahawa na cha pili. Malkia alisema hivi: kila zabuni ikishapata mwenyewe, itangazwe kwa leso. Katikati ya leso liandikwe jina la aliyeshinda, kazi aliyopewa, undugu wake na wakubwa kama upo, na sababu ya wenzake kukosa. Leso hizo wagawiwe wanawake wa mji, wazivae siku saba. Siku ya saba mtawala naye avae joho la kitambaa hichohicho chenye maneno hayohayo, asimame uwanjani, awape watu mgongo ili mwenye pingamizi asiogope uso wake, kisha aulize mara tatu: nani ana neno? Neno likitoka, zabuni inafunguliwa palepale mbele ya watu. Lisipotoka, inapigwa muhuri na haiguswi tena. Na mtawala atakayeichezea sheria hii, alimalizia malkia, nguo yake mwenyewe itamwumbua.

Alijua anachokifanya bibi yule. Usitirini mtu akikutana na mwanamke husoma leso yake kwanza, salamu baadaye. Mwanamke aliyeudhiwa na jirani hapigi kelele. Hutafuta leso yenye maneno kama Sufuria Yangu Ina Wiki ya Tatu Kwako, akajifunga, akapita taratibu mbele ya mlango wa mhusika, akarudi, akapita tena. Jambo likishaandikwa kwenye leso, limekwisha kusikika mpaka kwa viziwi.

Basi mawaziri wa matangazo waliitafutia sheria hiyo mwanya miaka nenda miaka rudi. Mmoja aliandika kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Watu wakagundua, kikaongezwa kifungu kwamba kila herufi iwe na ukubwa wa kiganja. Mwingine aliandika kwenye pindo, akalikunja akalishona. Kikaongezwa kifungu kwamba maneno yakae katikati. Wa tatu aliwavisha punda wa Dola leso zote mia tano akawapeleka malishoni. Kikaongezwa kifungu kwamba zivaliwe na watu, na watu hao wawe ndani ya mji. Kila mwanya ulipozibwa aliteuliwa waziri mwingine mwenye macho makali zaidi. Wa zamu hii aliitwa Bwana Kifuniko.

Sasa tushuke Rangini, kwa Bi Mize. Huyu alikuwa mchapaji wa leso za Dola, kazi aliyoirithi kwa bibi yake, pamoja na vibao mia mbili vya mti wa msaji vilivyochongwa herufi na maua. Alikuwa mwanamke mnene wa kicheko, mwenye vidole vya rangi tatu ambavyo hata sabuni ilikuwa imevikatia tamaa. Lakini kiangazi kile alikuwa hacheki sana. Rangi haishiki nguo bila maji, na mapipa yake sita, manne yalikuwa yamekauka hata mijusi wamehamia. Familia tano za Rangini zilikwisha kufunga karakana. Bi Mize alijipa mpaka mvua zijazo: kisima kisipochimbwa, naye anafunga, vibao vya bibi yake viwe kuni.

Tumaini lake lilikuwa zabuni ya kisima cha Rangini, iliyokuwa imeombwa na Fundi Vuai, mtu aliyechimba karibu visima vyote vya mitaa ya juu. Vuai alikuwa ameutembea mtaa mwezi mzima, akilaza sikio ardhini, akionja udongo kama mpishi anavyoonja mchuzi, mpaka siku moja akainuka nyuma ya karakana ya Bi Mize na kusema, "Yapo hapa, shangazi. Tena matamu." Bi Mize alilia siku hiyo, na hakuona haya.

Sasa fikiria alivyojisikia asubuhi ile Bwana Kifuniko alipopiga hodi akiwa ameshika karatasi.

"Karibu, Mheshimiwa. Angalia hapo kwenye nili, usije ukarudi Jumbani na miguu ya buluu."

Waziri alikusanya joho lake jeupe, lililonyooka toka begani hadi kifundoni, akaruka kidimbwi na kumpa ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa: KISIMA CHA RANGINI AMEPEWA BWANA CHAPEO, MUUZA KOFIA, SHEMEJI YAKE WAZIRI KIFUNIKO. FUNDI VUAI AMEKOSA KWA SABABU ALIKUJA NA UDONGO MIKONONI.

Bi Mize aliisoma mara mbili. Moyo ulimwanguka, ukatua mahali fulani karibu na magoti.

"Kiapo chako unakikumbuka?" Waziri aliuliza.

"Nakikumbuka. Mchapaji hasemi alichochapa, wala alivyochapa. Si kwa mume, si kwa jirani, si kwa paka."

"Na kikivunjwa?"

"Nanyang'anywa vibao."

"Vizuri. Sasa nisikilize." Waziri alisogea, akashusha sauti kwa furaha ya mtu aliyeokota pete. "Sheria nimeisoma usiku na mchana. Inasema maneno yaandikwe, yawe makubwa, yakae katikati, yavaliwe na watu mjini. Haisemi popote kwamba yaandikwe kwa rangi. Unanielewa? Pindo litie rangi yoyote uipendayo, lipendeze. Katikati nataka maandishi yasiyoonekana."

Bi Mize akasema, polepole, kama mtu anayechagua nyanya, "Kuna tui la nazi."

"Litavuta siafu."

"Kuna maji ya mchele."

"Yatakakamaa. Watashtuka."

"Basi kuna ndimu."

Aliikata moja, akaikamulia kwenye kikombe. Waziri alichovya kidole, akalamba, akakunja uso, akaukunjua haraka kwa mazoea. "Ikikauka, itaonekana?"

"Haionekani, Mheshimiwa."

"Ikianikwa juani?"

"Jua la kwetu haliiwezi."

"Ikilowa?"

"Ndiyo inatoka kabisa. Ikifuliwa mara moja, kwaheri."

Waziri alicheka mpaka akashika mapipa. Kufuliwa! Kumbe wanawake wenyewe wangelifuta tangazo kwa mikono yao! Aliuliza kuhusu jasho, akauliza kuhusu mvua, akauliza kuhusu moshi wa jikoni, maana alikuwa mtu makini. Jambo moja tu halikumjia. Tangu azaliwe, nguo zilimfikia mwilini zikiwa zimenyooka, na hakuwahi kujiuliza zimenyookaje.

Alipoondoka, Bi Mize aliketi juu ya pipa tupu. Alikuwa anaikumbuka siku alipokuwa na miaka saba, alipomwagia ndimu shuka jeupe la sikukuu akalikunja upesi asionekane. Hakuna aliyeona kitu, mpaka bibi yake alipotia makaa kwenye pasi na kuipitisha juu ya shuka. Doa la kahawia lilipanda palepale, na Bi Mize akafinywa sikio ambalo mpaka leo likiona pasi huwasha. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa nyepesi. Leso zikipigwa pasi kabla ya kufuliwa, tangazo litasomeka lenyewe, yeye hajafungua mdomo. Zikifuliwa, au zikiachwa hivihivi mpaka siku ya saba, kisima cha Rangini kitachimbwa na muuza kofia.

Akasogeza vibao, akakamua ndimu magunia mawili, akachapa.

Zilipogawiwa, mji mzima ulishangaa. Pindo lilikuwa zuri, jekundu lenye vikorosho vyeusi, lakini katikati peupe, hakuna hata nukta. Mpiga mbiu wa Jumba alipita akitangaza kwamba tangazo limetangazwa. Tangazo gani? Hilo lililotangazwa. Watu wakatazamana. Jirani wa Bi Mize, Bi Saumu, mwanamke mwenye kigelegele kinachosikika mitaa mitatu, alikuja karakana ameishika leso yake kwa ncha mbili.

"Mize, umeishiwa maneno? Leso haina jina! Nitamsema nani na leso bubu namna hii?"

"Mimi nachapa ninachopewa, shoga yangu."

"Basi wamekupa hewa."

Na leso bubu nani angeiheshimu? Siku ya kwanza zilivaliwa kidogo. Siku ya pili zilibebea watoto. Siku ya tatu zilifunikia unga, siku ya nne zilishikia sufuria, na siku ya tano Bi Mize alimwona mbuzi wa rangi ya manjano amejitwika moja kwenye pembe na kutembea nayo kwa maringo. Zilikuwa zimejikunja hata hazitambuliki. Hakuna aliyepoteza makaa yake kuzipiga pasi.

Bi Mize alijaribu kadiri kiapo kilivyomruhusu. "Saumu," alisema siku hiyo ya tano, "hivi unavaa nguo kama iliyotoka kinywani mwa ng'ombe, na wewe mtu wa watu?"

"Niinyooshee nini? Ina maneno?"

Bi Mize akarudi kwenye mapipa yake. Usiku halali, mchana hali, na Fundi Vuai akipita kumwamkia alishindwa hata kumtazama.

Siku ya sita, Mtukufu Mnyoofu alifungua dirisha lake ambalo kwa kawaida hufunguliwa kwa ajili ya hewa, si kwa ajili ya kutazama. Akatazama. Mji wote ulikuwa umejaa leso nyeupe zilizokunjamana, huku mikunjo, kule mikunjo, mikunjo inapanda ngazi, mikunjo inanunua samaki! Alishikwa na kizunguzungu, akalazwa kwenye kochi, akapepewa. "Kesho nitasimama mbele ya hayo?" aliugua. Bwana Kifuniko, aliyependa mkuu wake awe na raha, alitoka mbio kuandika amri bila kuifikiria mara mbili, na haukupita muda mpiga mbiu akawa anapita Rangini:

"Sikilizeni! Kesho uwanjani leso zote zije safi! Zifuliwe na zipigwe pasi! Mwenye mkunjo asije!"

Bi Mize alikuwa anakoroga rangi. Aliposikia neno pasi aliinama juu ya pipa akauma aproni yake, mabega yakimtikisika, na aliyemwona angedhani analia. Kisha akakumbuka neno lililotangulia, akainuka ghafla. Zifuliwe!

Huko mitaa ya juu tayari ndoo zilikuwa zinalia visimani. Wanawake wa makarani walifua, wa wafanyabiashara walifua, wa mafundi walifua na kusuuza mara mbili, na maneno ya ndimu yakateremka mifereji yote ya mji bila mtu kuyasoma. Bi Mize alitoka nje. Bi Saumu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani, leso chafu begani.

"Unakwenda wapi?"

"Mtoni. Si umesikia amri? Inabidi kufua."

Vilima vitatu kwenda, vilima vitatu kurudi. Na Saumu akienda, mtaa mzima utamfuata, maana ndivyo ulivyo mtaa na Saumu. Bi Mize alihisi ulimi wake umevimba kwa kiapo. Akaegemea mlango kana kwamba hana haraka ya lolote duniani.

"Wewe Saumu, na magoti hayo, uvuke vilima vitatu kwa ajili ya leso bubu?"

Bi Saumu alivitazama vilima. Akatazama magoti yake. Akaitua ndoo. "Hivi kweli nina akili mimi? Watunyime maji halafu watuamrishe kufua! Nitaipiga pasi na vumbi lake, mwenye pua na azibe!"

Na mtaa wote, uliokuwa umechungulia kuona Saumu anaamuaje, uliingiza ndoo ndani.

Asubuhi ya siku ya saba pasi za mkaa zilitoka uvunguni Rangini nzima. Bi Mize aliketi kizingitini na sinia la kunde asizozihitaji, akichambua moja moja, sikio lake la utotoni likimwasha. Alisikia Bi Saumu akipuliza makaa. Alisikia pasi ikitua. Kisha ikaja harufu ya ndimu inayoungua, nyepesi, kama ya mtu anayechoma samaki mbali kidogo.

"Mize!" Bi Saumu aliita. "Mize wee! Njoo uone, leso inaota ndevu!"

Katikati ya ule weupe herufi zilikuwa zinapanda, za kahawia, kubwa kama viganja, sawasawa na sheria inavyotaka. KI. SI. MA. Bi Saumu alisukuma pasi huku akisoma kwa sauti, na kila neno lilipotoka sauti yake ilipanda ngazi moja. Alipofika kwenye CHAPEO alisimama. Alipofika kwenye SHEMEJI alishika kiuno. Alipofika kwenye UDONGO MIKONONI alipiga kofi mezani hata makaa yakaruka.

"Mchimba kisima aende na nini mikononi? Hina?"

Nyumba ya pili ikapiga ukelele, na ya tatu, na upande wa pili wa barabara mtu akaanza kucheka kicheko kile cha kukata mbavu. Bi Saumu alimgeukia jirani yake, akamkazia macho.

"Wewe ulijua."

"Mimi nachambua kunde," alisema Bi Mize.

Walitazamana kidogo. Kisha Bi Saumu akaelewa, akamkumbatia yeye na sinia lake, kunde zikamwagika zote, na wanawake wale wawili wazima wakakaa chini wakicheka mpaka wakaishiwa pumzi.

Uwanjani watu wa mitaa ya juu walikuwa wamekwisha kupangwa, leso zao zimefuliwa, zimenyooka, nyeupe pe. Mtukufu Mnyoofu alitokea katika joho jipya la kitambaa hichohicho, akatazama umati usio na mkunjo hata mmoja, na machozi ya furaha yakamlengalenga. Joho lake halikuwa limefuliwa, kwani lilikuwa jipya. Lilikuwa limepigwa pasi tu. Dobi wa Jumba aliyaona maneno yakipanda mgongoni mwa joho, lakini katika miaka ishirini ya kazi hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake, kwa hiyo aliliangika mahali pake na kwenda kunywa chai. Wavishaji nao walimvisha wakiwa wameinamisha vichwa, kama adabu ya Jumba inavyotaka.

Mtukufu aligeuka, akawapa watu mgongo.

"Nani ana neno?"

Uwanja ukaanza kunong'ona. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na minong'ono ikatembea toka safu ya mbele hadi kwenye ukuta wa nyuma na kurudi ikiwa imebeba vicheko. Mtukufu alidhani wanamsifu. Akanyoosha mabega zaidi, na maneno nayo yakanyooka, yakasomeka vizuri zaidi. Bwana Kifuniko, aliyesimama mbele yake akimtazama usoni kwa unyenyekevu, hakuona kitu.

"Nani ana neno?"

Wakaguna, wakakohoa, wakaziba midomo. Lakini kusoma ni jambo moja na kufungua kinywa ni jingine, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwenye muhuri alikwisha kuupulizia. Ndipo sauti ya Rangini ikasikika ikipanda kilima. Walikuja wote, wanawake mia na ushei, wakiimba maneno ya leso zao kama yalivyo, jina kwa jina, undugu kwa undugu, wamelitia lile tangazo ngoma na vibwagizo hata likachezeka. Bi Mize alikuwa katikati yao, haimbi, kiganja kimeziba mdomo, macho yamemtoka.

"Nani ana neno?" Mtukufu aliuliza mara ya tatu.

"Mimi ninalo!" Bi Saumu alijitoa mbele. "Tena limeandikwa. Namtaka Bwana Chapeo atuambie: kisima cha Rangini kitakwenda kina gani?"

Bwana Chapeo alisukumwa mbele. Alikuwa mtu mpole mwenye kofia tatu kichwani, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya matangazo ya biashara. Alifikiri kwa bidii.

"Itategemea," alisema, "na kichwa."

Uwanja ulilipuka. Bwana Chapeo alicheka pamoja nao, maana hakuwa na kinyongo. "Jamani, shemeji aliniambia kuna kazi ya Dola. Mimi nilidhani kofia za askari!"

"Fundi Vuai!" umati uliita. "Vuai! Kina gani?"

Vuai alitoka nyuma, mikono ina udongo kama kawaida. "Pima tisa mpaka kwenye maji matamu. Kwenye ya sita kuna jiwe. Jiwe hilo mimi nalijua, tumekwisha kuamkiana."

Hapo kigelegele cha Bi Saumu kilipaa, na vya wenzake vikakifuata, hata njiwa wa mnara wa saa wakaruka wote wa nyuso nne. Mtukufu aligeuka kuona kulikoni. Aliiona leso ya Bi Saumu, akaisoma, akatazama zile nyeupe za mitaa mingine.

"Mbona za wenzenu hazina kitu?"

"Wenzetu wana maji, Mtukufu. Walifua."

Alilipokea neno hilo taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Hata joho lako," Bi Saumu aliongeza kwa heshima zote, "naona halikufuliwa."

Mtukufu Mnyoofu alipeleka mkono mgongoni, akaurudisha, akamtazama Bwana Kifuniko. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akaketi kwenye kiti chake, akagandamiza mgongo kwenye egemeo. Hapohapo aliamuru Vuai apigiwe muhuri, upesi, watu waende zao. Vuai akapigiwa. Watu hawakwenda. Ngoma ziliongezwa, wauza kahawa walifika, Bwana Chapeo akagawa kofia, na kwa kuwa mtawala haondoki uwanjani kabla ya raia, na kwa kuwa kuondoka kulikuwa na maana ya kuwapa tena mgongo, alikaa pale amejibana na kiti mpaka jua likachwa. Wasitirini hawakuwahi kucheza kwa raha namna ile.

Kisima kilichimbwa. Pima tisa, kama alivyosema. Sheria ya Leso nayo ikaongezewa kifungu kwamba maneno yaonekane bila moto. Lakini jambo moja lilibaki ambalo hakuna kifungu kilichoweza kulinyoosha. Mtukufu alikuwa na kabati saba za majoho meupe, na baada ya siku ile hakuruhusu pasi ilikaribie hata moja. Nani ajuaye kimeandikwa nini humo, kikingoja moto tu? Madaraja, zahanati, mnara? Mtu aliyekuwa akitapishwa na kona ya barabara sasa alipita kumbini amekunjamana toka shingoni hadi miguuni, amefumba macho, na mawaziri wake wote nyuma wamekunjamana vilevile.

Siku moja Bwana Kifuniko alipiga hodi karakana. Mapipa yote sita yalikuwa yamejaa, mijusi wamefukuzwa, na nyuma ya ukuta ndoo za Rangini zilikuwa zinagongana kwenye kisima. Joho lake lilikuwa na mikunjo ya wiki kadhaa.

"Bi Mize," alisema, sasa kwa sauti ya kuomba, "niambie tu. Ni nguo ngapi ulizochapa kwa ndimu? Ni zile, au zipo nyingine?"

Bi Mize alifuta vidole vyake vya rangi tatu. "Mheshimiwa, kiapo. Mchapaji hasemi alichochapa, wala alivyochapa."

"Mimi ndiye niliyekuapisha! Nakufungulia!"

"Kiapo cha vibao hufunguliwa uwanjani, mbele ya watu. Ukitaka twende. Nikifunguliwa nitazitaja zote, moja baada ya moja."

Bi Mize alimwonea huruma, maana siku ilikuwa ya joto. Akamvutia kigoda, akamchotea kikombe cha maji baridi ya kisima, akaikata ndimu moja na kumkamulia.

Bwana Kifuniko alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu. Kisha akakiweka chini bila kukionja, akaishika mikunjo ya joho lake kwa mikono miwili, akaondoka.